Kipengele cha Kumi na Nane

Mbale, Jumanne, saa nne na robo.
Hati ya maelewano imelala mezani,
vipengele kumi na saba kwenye karatasi nzito
kuliko ile tunayochapia vyeti vyetu.
Dakta Wamimbi anapangusa miwani kwa ncha ya tai
na kulitamka neno "ushirika"
kama mtu anayeonja chai kujua kama ina sukari.

Mimi nafundisha jiografia.
Nimo katika kamati ya uhusiano wa kimataifa
kwa sababu nina pasipoti.

Kipengele cha nne: wao wataleta mitambo.
Cha tano: sisi tutaleta mlima.
Hawakuandika hivyo. Waliandika "eneo la utafiti".
Cha tisa: takwimu zote zitalala kwenye seva yao,
nasi tutaomba kwa barua pepe
tuambiwe ardhi yetu imepasuka kwa kina gani.

Namkumbuka Mutonyi wa Bukalasi.
Ufa wa shamba lake la kahawa aliupima kwa mpini wa jembe,
akichonga alama kwa kisu kila mvua ilipokatika:
Machi, vidole viwili.
Aprili, shubiri.
Mei akahamisha watoto, mbuzi, kitanda,
na usiku wa tatu mlima ukashuka
ukalala pale pale kilipokuwa kitanda.

Katika makala yetu yeye ni "mtoa habari namba 14".
Jina langu ni la sita.
Nililipigia mstari, nikaipeleka kwa kamati ya vyeo:
jarida la Ulaya, alama tano;
la hapa, moja.
Nikapandishwa. Siwezi kusema sikufurahi.
Nilinunua hata keki.
Kuisoma makala ile ni dola thelathini na tisa.
Mutonyi hajauliza. Sijui ningemjibu nini.

Mwaka juzi walinialika Utrecht.
Ubalozi ukataka nithibitishe kwamba nitarudi:
hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, barua ya mkuu wa kitivo.
Nilikaribia kuwapelekea picha ya kuku wangu.
Huko, kwenye foleni ya makoti,
nikasikia nyuma yangu mtu akiilaani baridi
kwa maneno ya bibi yangu.
Sitati, mhadhiri, kutoka Bungoma.
Mlima wake ni huu huu, upande ule mwingine,
na huko nako udongo unafunguka.
Kutoka ofisini kwangu hadi kwake
ni safari ya asubuhi moja, daraja la Lwakhakha katikati.
Tulikuwa tumeruka usiku kucha juu ya bara zima
ili tupeane mikono.
Tulicheka mpaka foleni ikatupita.
Baadaye hatukucheka.

"Tutie sahihi," anasema Wamimbi,
"wafadhili hawapendi kungojeshwa."
Mhasibu anaongeza kwa sauti ya harusini:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"
Meza nzima inacheka, isipokuwa Nandudu wa maktaba,
ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa:
"Na tangu waanze kuja, amepona lini?"

Nikaivuta hati. Nikaigeuza.
Nyuma ya ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ya buluu,
mwandiko wangu ukipinda kama kawaida:

Kumi na nane. Mgeni siku mbili; ya tatu apewe jembe,
na mpini wa jembe hilo uwe na alama.
Mwenye mpini atajwe kwa jina, tena mbele ya jina langu.
Takwimu zilale Mbale.
Atakayekuja kusoma hapa aanze na lugha ya hapa,
walau kiasi cha kuuliza njia na kuelewa jibu.
Barua ya kwanza ya ushirika ivuke Lwakhakha;
nauli itoke kwenye fungu la vitafunio.

Wamimbi akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.
"Hii itatafsiriwaje?" akauliza,
wala sikujua kama ananikemea
au anatafuta neno.

Mvua ikapiga bati, kubwa, ghafla,
hatukuweza tena kusikizana.
Wote tukageuka dirishani kuitazama Wanale,
hata yule aliyekwisha kuifungua kalamu.